Nyaya Chini ya Lori la Wakwe

Mama mwenzangu, ukiambiwa gari limetengenezwa, usiishie hapo. Uliza kilichofungwa kimefungwa kwa kitu gani, na aliyekifunga alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Watakuona mkorofi. Waache wakuone. Habari ya Pokuaa wa hapa Techiman naiandika kwa ajili hiyo tu, na nitaisema kama ilivyokuwa, hata pale ambapo mwenyewe mpaka leo haielewi.

Ijumaa mchana Pokuaa alimpelekea mumewe chakula kule Magazine, mtaa wa mafundi magari. Alimkuta Adomako amelala chali uvunguni mwa lori la Sulemana, miguu iko nje, ndala moja imemvuka. Pembeni, juu ya gunia, nyaya zilikuwa zimetandazwa, nyekundu, kijani, nyeusi, na nyingine ambazo rangi yake ilishaliwa na moshi na mafuta. Ungedhani lori limepasuliwa tumbo.

"Baba Takyiwaa, chakula."

"Kiweke hapo. Nipe koleo. Siyo hiyo, hiyo ni spana. Hiyo nyingine."

"Litakwisha leo?"

"Litakwisha."

"Maana kesho ni alfajiri."

"Mama Takyiwaa, najua kesho ni alfajiri."

Alijua, lakini Pokuaa alikuwa hana budi kuuliza. Baba yake alikuwa amefariki, mwili umelazwa nyumbani kwao, upande wa Nkoranza, na kesho Jumamosi, kabla ya jua la utosi, sanduku lingefungwa. Kabla halijafungwa, mkwe, yaani Adomako, alitakiwa aingie na vitu vyake: kitambaa cha kumfunika mzee, mto, leso, mkeka, chupa za pombe kali. Na mbele ya msafara wa mkwe hutangulia binti mwenyewe, sinia kichwani, watoto wake wakiwa ubavuni, ili ukoo wote uone kwamba ameolewa kweli. Ndiyo sababu Pokuaa alirudi Techiman katikati ya msiba, kuja kuwachukua wakwe. Angewaingiza, angeweka sinia chini, angemtazama baba yake usoni mara ya mwisho. Alikuwa hataki kingine.

Sulemana, mwenye lori, alikuwa amekalia tairi anatafuna mbegu ya kola. "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Gari hili limenizidi umri na halijawahi kumwacha mtu njiani."

"Juzi si lilikuacha na matenga ya nyanya mpaka zikaoza?"

"Nyanya siyo watu, shemeji."

Adomako alicheka kule chini, kisha akajivuta nje, uso umejaa mchanga. Alikuwa mtu mpole, na alipenda kueleza kazi yake hata kwa asiyeuliza. Akamwonyesha mkewe. Kitita cha nyaya, kile kinachopeleka umeme kutoka mbele mpaka taa za nyuma, kilikuwa kimepitishwa upande wa kushoto, karibu na bomba la moshi, kikaungua. Sasa anakihamishia kulia, juu ya tangi la dizeli, kikae ndani ya mfereji wa chesisi. Halafu kila hatua kama mkono hivi anakibana kwa kibanio cha chuma chenye mpira ndani, kisicheze wala kisishuke. Vibanio vinauzwa duka lile pale. Akapiga mfuko wa shati kuonyesha kwamba hela yake ipo.

"Na kisipobanwa?"

"Kitabanwa."

Hapo ndipo alipoingia Afrakoma, dada mkubwa wa Adomako, mkuu wa msafara. Mwanamke mrefu, na sauti yake hufika kabla yake.

"Mnacheka? Nyie mnacheka! Mmesikia Boakye anakuja na nini?"

Boakye ndiye aliyemwoa dada yake Pokuaa. Ni mnunuzi wa kakao, mtu wa hela.

"Anakuja na nini?" aliuliza Pokuaa.

"Masinia matatu, wifi. Matatu! Na watu wa tarumbeta. Sisi tuna mawili. Tutaingia pale kama watu waliokuja kuomba maji ya kunywa." Akamgeukia mdogo wake. "Una nini mfukoni?"

"Hela ya vibanio, dada."

"Vibanio ndiyo nini?"

Adomako akaeleza tena, mfereji, mkono, chuma chenye mpira. Afrakoma alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto.

"Sasa hivyo vibanio vitabebwa kichwani mbele za watu?"

"Hapana, lakini..."

"Wifi, baba ni wako. Sema wewe. Masinia mawili au matatu?"

Pokuaa alimtazama mumewe, akaitazama ile mikono yenye grisi. Alifikiria mama yake amekaa kati ya wajane, na wanawake wa ukoo wakiangalia nani anaingia na nini. Akasema, "Si ungefunga kwa kitu kingine kwa kesho tu?"

Hakuna aliyemlazimisha Adomako. Alitoa hela, Afrakoma akaipindia kwenye ncha ya kitenge chake akaondoka. Adomako akachukua tyubu mbovu ya tairi, akaanza kuikata vipande vyembamba virefu. Hapa Magazine raba ya tyubu hufunga kila kitu, mzigo, ngazi, mlango wa choo, miguu ya kuku. Hakuna fundi asiyeitumia, na hakuna aliyemcheka.

"Itafika," alisema, akarudi uvunguni.

* * *

Alfajiri watu walipanda. Wanaume nguo nyeusi, wanawake nyekundu na nyeusi, vitambaa vyekundu vimefungwa vichwani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kwenye bodi la mbao ambako siku nyingine hukaa viazi vikuu. Juu ya kichwa cha lori Adomako alikuwa amefunga vipaza sauti viwili, maana msafara wa mkwe husikika kabla haujaonekana, na waya wa vipaza hivyo nao alikuwa ameuunganisha kwenye kitita kilekile.

Pokuaa aliketi upande wa kulia na watoto wake, Takyiwaa wa darasa la tatu na Nyarko ambaye bado hajaanza shule. Masinia yalikuwa yamefunikwa kwa vitambaa vya leso, matatu, yakiwa mapajani mwa wanawake watatu, na Afrakoma aliyasimamia kama polisi.

Sulemana akawasha. Vipaza vikaimba wimbo wa kuomboleza, sauti ikavuma mtaa mzima, watu wakaitikia kwa vilio. Akakanyaga breki kujaribu. Taa ya kushoto ikapepesa, wimbo ukakatika. Akaachia breki, wimbo ukarudi.

"Fundi!" aliita Sulemana kupitia dirishani. "Mbona nikikanyaga breki marehemu ananyamaza?"

Watu wakacheka kwa kujificha. Adomako akashuka, akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ilikuwa imeungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua palepale. Akatazama jua linavyochomoza, akatazama watu. Akakata kipande cha waya, akakichomeka pale ambapo fyuzi hukaa. Wimbo ukarudi na haukukatika tena.

Pokuaa alikuwa ameinama juu ya ubao wa pembeni, anamwona. "Baba Takyiwaa, hiyo si ndiyo ile uliyoniambia mtu asifanye?"

"Nilikuambia lini?"

"Kwa redio yetu. Ulisema fyuzi ikiungua inakuambia kitu."

"Ile ni redio ya nyumbani, mama."

"Hii ni tofauti?"

Adomako akapanda, akakaa karibu na dereva mbele. Pokuaa akabaki na swali lake mdomoni. Yeye hajui umeme, mumewe ndiye anayeujua. Kama anayejua ametulia, asiyejua anahangaika na nini? Alijiambia hivyo. Moyo haukukubali, na hakuweza kuuambia kwa nini.

Wakatoka mjini. Barabara ya lami ikaisha, ya vumbi ikaanza, ile yenye mashimo ambayo Sulemana aliyajua kwa majina. Shimo moja aliliita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, huwezi kulikwepa. Watu waliimba. Nyarko alilala. Kisha Pokuaa akasikia harufu.

"Wifi, unasikia harufu?"

"Ya nini?" alisema Afrakoma.

"Kama mpira unaungua."

Afrakoma akanusa hewa. "Watu wanachoma mashamba."

Mzee mmoja alisema ni breki. Mwingine alisema ni ile mihogo ya kukaanga waliyokula. Mama mmoja wa kanisa alisema yeye hasikii chochote, ana mafua. Pokuaa akamuuliza Takyiwaa polepole, "Unasikia?" Mtoto akasema, "Inatoka hapa chini, mama," akaonyesha kwa mguu. Pokuaa akainama. Mara akaisikia, mara haipo. Lori lilipokwenda kasi iliondoka, lilipopunguza ilirudi. Hakuelewa. Kitu kibaya si kingenuka wakati wote?

Wimbo wa vipaza ukakatika. Ukarudi. Ukakatika.

Kwenye kizuizi cha barabarani lori lilisimama. Adomako alishuka haraka kuliko ilivyo kawaida yake, akaingia uvunguni. Pokuaa naye akashuka, akasimama kando ya gurudumu. Aliona miguu ya mumewe, nguo nyeusi ya msiba inaburuzwa kwenye vumbi. Alikaa kule kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kwenye ngumi, akakitia mfukoni.

"Nini hicho?"

"Raba."

"Imetoka wapi?"

"Moja imelegea. Nimefunga nyingine."

"Imelegea au imeyeyuka?"

"Mama Takyiwaa, panda gari, tunachelewa."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Ni raba!"

"Kama ni raba tu, mbona umeificha?"

Adomako akaangalia pembeni. Jasho lilimchuruzika, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Pokuaa alimsogelea, akamsemesha kwa sauti ya chumbani.

"Niambie hili moja tu. Lingekuwa lori la mgeni, amekuletea pale Magazine, ana watoto wake juu. Ungemwambia aende?"

Mumewe alifungua mdomo. Akatazama juu, kwenye masinia. Akatazama barabara. Akasema, "Itafika."

Ile "itafika" ilimmaliza Pokuaa. Hakusema "ni salama". Hakusema "hakuna kitu". Lakini pia hakusema "shukeni". Ungeifanyaje wewe, mama mwenzangu? Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, na mtu anayeomba si mtu anayejua. Au labda alikuwa amechoka tu, maana hakulala. Pokuaa aliigeuza kichwani huku na huku, na kila alivyoigeuza ilikuwa na sura mpya. Halafu akaona mikono yake mwenyewe imekwisha kunyooshwa juu.

"Takyiwaa, nipe mdogo wako. Na wewe shuka."

Afrakoma akasimama. "Unafanya nini?"

"Nashusha watoto, wifi."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui!" Afrakoma aliwageukia watu wote. "Jamani, hajui! Anashuka njiani siku ya baba yake, ukimuuliza anasema hajui."

"Kuna kitu kinaungua chini."

"Fundi ni nani hapa? Wewe au mumeo?"

"Mume wangu."

"Anasemaje?"

"Anasema itafika."

"Basi si itafika!"

"Waache watoto kwangu, ushuke wewe," alisema yule mama wa kanisa, kwa wema.

"Wewe si uko humohumo juu, mama?"

Watu wakacheka. Sulemana akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, lori langu limebeba ng'ombe, limebeba saruji, limebeba mpaka askari. Leo limekataliwa na mwanamke mmoja?"

"Sijalikataa, Sulemana. Naogopa."

"Unaogopa nini hasa?"

Angesema raba? Wangecheka. Angesema kipande cha waya kwenye fyuzi? Nusu yao nyumba zao zina vipande vya waya kwenye fyuzi. Alisimama pale, Nyarko begani, Takyiwaa amemshika kitenge, na alijua vizuri kitu kimoja tu: jua linapanda, na sanduku la baba yake liko wazi kwa muda mfupi uliobaki.

Adomako alimshika kiwiko. "Mama Takyiwaa. Usipotangulia wewe, watasema nini?"

"Shuka na wewe."

"Nikishuka mimi, vitu vya mkwe atatoa nani?"

"Atatoa dada yako."

"Siwezi."

"Basi nenda. Wawili hawa sikupi."

Alisubiri amkataze. Mwanamume mwingine angemkataza, angepiga kelele, angewabeba watoto kwa nguvu awarudishe juu. Adomako aliachia kiwiko chake, akapanda. Jambo hilo nalo Pokuaa hakulielewa: mbona amewaachia kirahisi hivyo?

Lori likaondoka. Na lilipoondoka, vipaza vikawaka vyote viwili, wimbo safi kabisa, bila mkwaruzo, kama kitu kilichotoka dukani. Pokuaa akasimama barabarani anausikiliza unavyopungua, akajiona mwendawazimu.

* * *

Jumamosi kwetu magari yote yamekodiwa na misiba. Yalipita moja baada ya jingine, yamejaa nyekundu na nyeusi, watu wanaimba, wanampungia mkono mwanamke mwenye sare ya msiba aliyesimama kizuizini na watoto wawili. Hakuna lililokuwa na nafasi. Askari wa kizuizi alimletea benchi.

"Mama, umeachwa?"

"Nimeshuka."

"Kwa nini ushuke?"

"Gari lilikuwa linanuka."

Askari akacheka kwa adabu, akarudi kwenye kivuli chake.

"Mama," alisema Takyiwaa, "babu atatusubiri?"

"Atatusubiri."

"Watafunga sanduku?"

"Nyamaza, mwanangu."

Mwishowe ilikuja bajaji ya mizigo, ile ya matairi matatu, imebeba magunia ya mkaa. Mwenye nayo alikubali kwa nusu ya kile Pokuaa alichokuwa amekiweka kwa sadaka ya kanisani. Walikaa juu ya magunia. Njia nzima Pokuaa aliangalia mbele kwenye kila kona, akitafuta moshi. Alikuwa anauomba usiwepo, maana mumewe yumo. Na humo humo moyoni kulikuwa na kitu kingine kidogo, kibaya, kilichokuwa kinataka hata lori liwe limesimama tu kando, limeharibika kidogo, asiumie mtu, ili asiwe amekosea. Alikisukuma. Kikarudi.

Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na lori kando ya njia.

Walipofika, tarumbeta za Boakye zilikuwa zinapigwa. Lori la Sulemana lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli cha mahema, zima, vumbi tu. Pokuaa aliteremka na vumbi jeusi la mkaa kwenye nguo yake, akawashika watoto, akakimbia. Wanawake walimpisha. Akafika mbele ya sanduku. Lilikuwa limefungwa, na juu yake kumetandazwa kitambaa kile alichokichagua mwenyewe sokoni, kile cha mkwe.

Aligusa ubao. Hakujua aguse wapi, upande wa kichwa ni upi.

"Umefika," alisema mjomba wake, Gyamfi, mkuu wa ukoo. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Tuliwasubirisha mafundi wa sanduku kidogo. Wifi yako akasema umeshuka kwa hiari yako."

"Mjomba, nifungulieni kidogo tu."

"Likishafungwa limefungwa, mwanangu. Unajua."

Alimwendea mama yake. Mama alikuwa amekaa mkekani kati ya wajane, kichwa kimenyolewa. Alimtazama binti yake kuanzia vumbi la miguuni mpaka kilemba, kisha akawaita wajukuu, akawakalisha kila mmoja upande wake, akawashika vichwa.

Na nyuma, Afrakoma alikuwa anawasimulia wanawake. "Sinia nimebeba mimi. Mimi! Dada wa mume natangulia, binti wa marehemu yuko njiani ananusa magari." Akamwona Pokuaa, akainua mikono, akaigeuzageuza. "Wifi, tukague. Kuna aliyeungua hata unywele?"

Wanawake walicheka. Pokuaa naye akatabasamu, kwa kuwa hakujua uso wake ufanye nini.

* * *

Sasa hili ndilo ambalo Pokuaa hajui.

Watu walipokuwa kaburini, Adomako alirudi kwenye lori peke yake. Alijiambia anakwenda kuangalia tu kwa nini vipaza vilikatika walipokaribia kijiji. Alivua shati la msiba, akalitundika kwenye kioo, akaingia uvunguni.

Mwanzoni hakuona kosa. Raba za mbele zilikuwa zimekaza. Za nyuma zimekaza. Akajivuta mpaka katikati, karibu na tangi, na hapo akaona jambo ambalo mikono yake ilikuwa inalijua miaka yote, ila haraka ya Ijumaa ililipita: bomba la moshi la lori lile halikai kushoto mwanzo mpaka mwisho. Linakunja na kuja kulia kabla ya magurudumu ya nyuma. Alikihamisha kitita kutoka kwenye moto akakirudisha kwenye moto uleule, mbele kidogo. Chuma kingevumilia. Raba zilikuwa zimelainika, zikanyooka kama ulimi, zikakatika, hata ile aliyoifunga kizuizini. Kitita kilikuwa kimeshuka na kulalia bomba la mpira la dizeli linalotoka kwenye tangi. Kila shimo la barabarani kilikuwa kinalisugua. Ngozi ya nyaya ilikuwa imekwisha kiasi cha kiganja kizima, shaba inang'aa, na kwenye bomba la dizeli kulikuwa na alama nyeusi ya moto na unyevu, tone likijikusanya, likisita, likianguka.

Juu yake palikuwa pale walipokuwa wamekaa mkewe na watoto.

Aliweka kidole kwenye ile alama. Halafu akalala tu. Hakuweza kuelewa kilichouzuia moto. Alitafuta sababu kwa akili ya fundi, akahesabu waya huu na ule, betri, kile kipande alichokichomeka mahali pa fyuzi, na kila njia aliyoifuata ilimfikisha kwenye moto. Lakini walifika. Hakuna sababu yoyote ya kufika, na walifika.

Watu walianza kurudi kutoka kaburini. Wanawake wa msafara walikuja kukaa kwenye kivuli cha lori. Aliona miguu yao. Akamsikia dada yake.

"Mimi ningekuwa mume, ningempeleka kwa mjomba wake akafundwe upya. Unamwaibisha mtu mbele ya wakwe kwa ajili ya harufu!"

"Labda ni ujauzito," alisema mwingine. "Wajawazito wananusa vitu."

"Ujauzito wa woga!"

Kicheko kikapita juu ya kichwa cha Adomako. Mdomo wake ulikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwenye miguu ile. Neno moja lingetosha. Angeweza kuwaita wainame, waone, wanuse wenyewe. Alivuta pumzi ya kuita. Akakiona akilini kile kitambaa cha mkwe juu ya sanduku, akamwona Boakye akiambiwa, akawaona watu wa ukoo wakisema mkwe mwingine ni fundi aliyewapandisha watu kwenye jiko. Akaitoa ile pumzi polepole, isisikike.

Alikata waya wa betri. Akaenda kwa watu wa mahema, akaomba waya mgumu wa kufungia nondo, akaomba na bati kukuu. Kazi aliyotakiwa kuifanya Ijumaa aliifanya Jumamosi, huku watu wanakula. Alikitoa kitita upande wa tangi, akakipandisha juu kabisa kwenye mfereji wa chesisi, akaweka bati kati yake na bomba la moshi, akakizungushia vitambaa, akakikaza kwa waya kila hatua ya mkono. Bomba la dizeli alilikata palipoungua, akaliunga. Vipaza akavitenga kabisa. Fyuzi akaweka ya kweli.

Sulemana alikuja akainama. "Fundi, bado tu? Si tumefika salama?"

"Naongeza tu kidogo."

"Umeona kitu?"

"Raba zimelegea."

Alipotoka alimtafuta mkewe. Alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha masufuria ya msiba pamoja na wasichana, kazi ambayo binti wa marehemu hapewi. Hakuna aliyempa. Alijichukulia mwenyewe.

Adomako alimwekea noti kwenye kiganja chenye povu. "Kesho asubuhi wewe na watoto mpande basi."

Pokuaa alimtazama. "Basi?"

"Ndiyo."

"Lori limeharibika?"

"Hapana. Lori ni zima."

"Sasa kwa nini basi?"

"Watoto wamechoka."

"Watu wako hawataki nikae nao? Dada amesema?"

"Hakuna aliyesema."

"Baba Takyiwaa, niambie. Kulikuwa na kitu au hapakuwa na kitu?"

Alimngoja. Povu lilikuwa linampasuka mkononi. Mumewe alitazama masufuria, akasema, "Mmefanya vizuri kupumzika," maneno ambayo hayana maana yoyote, kisha akaondoka.

Yeye akayaelewa hivi: kwamba mumewe anamwonea haya, hataki aonekane naye kwenye lori mbele za watu. Aliingiza noti kwenye ncha ya kitenge, akaendelea kuosha. Mpaka leo ndivyo anavyoamini. Mpaka leo wakimtania, anacheka pamoja nao, na akipanda gari hanusi tena, anageuza uso dirishani. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi mimi.

Jumapili lori liliondoka na watu wale wale, mabenchi yale yale. Dereva alimwita Adomako akae naye mbele. Alikataa. Alipanda nyuma, hakukaa kwenye benchi. Aliketi sakafuni, upande wa kulia, kati ya miguu ya watu, akaweka kiganja wazi juu ya mbao na hakukitoa. Kila lori lilipodunda kwenye shimo alikikandamiza zaidi na kufumba macho, akisikilizia kama ubao unapata joto.

Yule mama wa kanisa alimgusa Afrakoma kwa kiwiko. "Mtazame mdogo wako."

Afrakoma akamtazama, akalegea uso.

"Mwacheni," alisema. "Mkwe ana uchungu na mzee wake."